Baba na Dukuduku: The Babadook mbele ya wahakiki na mbele ya benchi la Chang'ombe

Sikio la Mswahili lina faida moja ambayo wahakiki wa Sydney, London na New York hawakuwa nayo walipokutana na filamu ya The Babadook. Linasikia "baba" kabla ya kitu kingine chochote, na silabi inayofuata, ambayo katika filamu hugongwa mara tatu kama ngumi mlangoni, huliangukia moja kwa moja neno letu la dukuduku, yaani lile jambo linalomkaa mtu rohoni na kumsumbua kwa sababu hajapata wa kumwambia. Jennifer Kent, Mwaustralia aliyeiandika na kuiongoza, hakuwa akikifikiria Kiswahili hata kidogo; amewahi kueleza kwamba alianzia kwenye babaroga, zimwi la kutishia watoto katika Kiserbia. Ni sadfa tupu. Hata hivyo ni sadfa inayomfikisha mtazamaji wa Dodoma, ndani ya dakika chache za mwanzo, mahali ambapo wahakiki wengi walifika baada ya safu mbili za gazeti: kwamba kiumbe huyu ana undugu na baba aliyekufa, na pia na maneno ambayo hayakusemwa juu ya kifo chake.

Hadithi yenyewe ni fupi, na nitaisimulia mpaka mwisho kwa kuwa ubishi wote unaoizunguka uko huko mwishoni. Asiyependa kuharibiwa uhondo na aitazame kwanza. Amelia, anayeigizwa na Essie Davis, ni mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee. Mumewe, Oskar, alikufa katika ajali ya gari akimkimbiza hospitali kujifungua, kwa hiyo mtoto wao, Samuel, alizaliwa siku ileile baba yake alipokufa, na sasa anakaribia miaka saba bila siku yake ya kuzaliwa kuwahi kuadhimishwa kwa tarehe yake. Mtoto huyu, anayeigizwa na Noah Wiseman, halali, hanyamazi, anajiundia silaha za kupigana na zimwi analoamini limo ndani ya nyumba, na shule imechoka naye. Usiku mmoja anachomoa rafuni kitabu cha picha ambacho mama hajui kimetoka wapi, kinachosema kwamba kiumbe huyu akishaingia, kwa neno au kwa mtazamo, haondoki tena. Mama anakichana na kukitupa. Kinarudi mlangoni kimegundishwa, na safari hii kina kurasa mpya zinazomwonyesha yeye mwenyewe akimuua mbwa, kisha mtoto, kisha akijiua. Kuanzia hapo usingizi unamhama mtoto na kumhama mama, na karibu kila kinachotokea kinaweza kusomwa ama kama kazi ya zimwi au kama kazi ya akili iliyochoka.

Ilitengenezwa Adelaide kwa takriban dola milioni 2 za Marekani, sehemu kubwa ikitoka katika taasisi za umma za filamu za Australia, na dola 30,000 na ushee zikachangwa na watu wa kawaida kupitia Kickstarter mwaka 2012 kwa ajili ya kazi ya seti. Ilionyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance, Januari 2014. Nyumbani kwao ilipita kimyakimya: ilifunguliwa mwezi Mei mwaka huo katika kumbi chache mno, na mapato yake nchini humo hayakufika dola 300,000 za Australia. Nje ya nchi mambo yakawa tofauti kabisa, na Uingereza peke yake, katika siku za mwisho wa juma la kwanza, ilipita kile ambacho Australia nzima iliingiza. Mwishoni mwa Novemba, William Friedkin, mwongozaji wa The Exorcist ya mwaka 1973, aliandika hadharani kwamba hajapata kuona filamu ya kutisha kuliko hiyo. Wahakiki wa New York wakaipa tuzo ya filamu bora ya kwanza ya mwongozaji. Januari 2015, tuzo za AACTA za Australia, ambazo ni za nchi ileile iliyokuwa imeipa mgongo, zikaifanya filamu bora ya mwaka kwa kugawana nafasi na The Water Diviner ya Russell Crowe, na Kent akachukua tuzo ya uongozaji na ya uandishi.

Tovuti ya Rotten Tomatoes inaonyesha kwamba wahakiki wapatao asilimia 98 waliikubali. Tovuti ya IMDb, ambako hupiga kura watu wa kawaida, inaipa wastani usiofika 7 kwa 10. Namba hizi hupenda kuwekwa pamoja kama ushahidi kwamba wahakiki na watazamaji wanaishi katika sayari mbili, jambo ambalo si la haki, kwa kuwa namba ya kwanza inahesabu ni wahakiki wangapi walisema ndiyo, hata kama ndiyo yenyewe ilikuwa ya kusitasita, ilhali ya pili inapima kila mtu aliipenda kwa kiasi gani. Mtihani ambao darasa zima limepata daraja la C una ufaulu wa asilimia 100. Kwa hiyo pengo ni dogo kuliko linavyoonekana. Lakini lipo, na watazamaji waliolalamika hawakuwa wakibwabwaja.

Malalamiko yao, ukiyachuja, ni haya. Kwanza, waliuziwa mbuzi kwenye gunia: matangazo yaliahidi zimwi, na walipolipa kiingilio wakapewa mama mchovu jikoni. Pili, mtoto anapiga kelele mno, kiasi kwamba katika nusu ya kwanza mtu anajikuta upande wa zimwi. Tatu, na hili ndilo zito, kiumbe huyu si kiumbe bali ni somo. Kila anapotokea unaona mkono wa mwandishi ukikuonyesha neno "huzuni" ubaoni. Wahakiki kwa upande wao walisifu mambo hayohayo matatu. Walisema kwamba hofu inayotoka jikoni ni nzito kuliko inayotoka kabatini, kwamba mtoto asiyependeka ni ujasiri ambao filamu chache zinauthubutu, na kwamba zimwi lenye maana ni bora kuliko zimwi lenye meno tu. Watu wawili wakikisifu na kukilaumu kitu kimoja kwa sifa ileile, mara nyingi ubishi si juu ya kitu chenyewe bali juu ya kile kila mmoja alichokuja kukitafuta.

Mimi niliitazama mara ya kwanza peke yangu, kwa flashi niliyojaziwa kwenye duka la muvi, jambo ambalo silisemi kwa fahari kwa kuwa Kent hakupata hata senti yangu moja. Mara ya pili ilikuwa katika kibanda umiza kimoja cha Chang'ombe, hapa Dodoma, kwa shilingi 500, kwenye benchi la mbao lililokuwa na msumari uliochomoza ambao wenyeji walikuwa wakiukwepa bila kuutazama. Nakala ilikuwa ya kutafsiriwa, ile ambayo DJ anasimulia juu ya sauti za waigizaji. Msomaji aliyekulia kwenye filamu hizi anajua kwamba DJ si mkalimani wa neno kwa neno. Ni mtambaji anayeichukua hadithi ya wengine na kuitamba upya kwa ajili ya waliokaa mbele yake. DJ wa siku ile hakusubiri hata dakika moja. Ndoto ya ajali ilipokwisha na mama kuamka kitandani, alitangaza kwa sauti ya uhakika kwamba mama huyu ana jini mahaba, na kwamba jini lenyewe limevaa sura ya marehemu mumewe.

Kwa mhakiki wa Magharibi huo ungekuwa uharibifu mtupu. Filamu nzima imejengwa juu ya kutokuwa na hakika, halafu mtu mmoja mwenye maikrofoni anaifunga hukumu kabla kesi haijasikilizwa. Nakubali kwamba kuna mambo yalipotea pale. Katika sherehe ya mpwa wake, Amelia anaulizwa na wanawake wenzake kuhusu uandishi wake wa zamani, naye anajibu kwamba alikuwa akiandika makala za magazeti na mambo kidogo ya watoto. Sentensi hiyo ni ya sekunde chache, na ndiyo inayofungua uwezekano kwamba kitabu kile alikiandika yeye mwenyewe, usiku, pasipo kujijua. DJ aliipita akiwa anatania nywele za mmoja wa wanawake wale. Baadaye Amelia anapokwenda polisi kulalamika kwamba kuna mtu anamwandama, afisa anaitazama mikono yake, nayo ina weusi ambao waweza kuwa wa majivu ya kitabu alichokichoma kiliporudi au wa chaki aliyokichorea. DJ alisema polisi wanataka hongo. Benchi zima lilikubaliana naye kwa kicheko, na ushahidi wa pili ukapita nao.

Hata hivyo, nilipokuwa nikirudi nyumbani kwa miguu usiku ule, vumbi la Julai likinipiga usoni, nilianza kufikiri kwamba DJ alikuwa ameona jambo ambalo wahakiki walilipita. Mama yumo chumbani chini, moyo wa filamu uko pale, na mumewe anamjia kutoka gizani, anamkumbatia, kisha anamwambia amletee mtoto. Huyo ndiye jini mahaba kwa kila alama anazojua mtu wa Pwani au wa Kondoa: anakuja kwa sura ya mpenzi, anadai mtu awe wake peke yake, anamchukia mtoto, na anamfanya mwanamke asiweze kumkubali mwanamume mwingine. Kazini kuna mwanamume mpole anayemjali Amelia na kumletea maua, lakini haifiki popote. Wahakiki walieleza hali hiyo kwa istilahi za majonzi na kiwewe, na walieleza vizuri. Sisi tulikuwa na neno moja linaloeleza mapenzi, kifo, wivu na ugonjwa kwa pamoja, na neno hilo halimlazimishi anayelitumia kuchagua kama jambo liko kichwani au liko chumbani.

Hapa ndipo ninapoachana na wahakiki wengi. Walipoafikiana kwamba zimwi ni huzuni, waliandika kana kwamba fumbo limekwisha kufumbuliwa na ganda lake linaweza kutupwa. Likawa ndilo jibu la mtihani, na katika miaka iliyofuata kila filamu ya kutisha yenye mama anayelia ikapimwa kwa kipimo hicho. Kama zimwi ni huzuni ya Amelia tu, mbona mtoto analiona mapema kuliko yeye na kwa uhakika kuliko yeye? Na yule anayemburuta Samuel juu ya ngazi ni nani, katika dakika ambazo mama amekwisha kutapika ule weusi na anaonekana amerudi kuwa mama? Yapo majibu. Inawezekana kwamba kufikia hapo kamera imo ndani ya kichwa cha mama na hatuwezi kuiamini. Inawezekana pia kwamba mtoto ameambukizwa hofu ya mzazi kama watoto wanavyoambukizwa lafudhi. Lakini ni majibu ambayo yanahitaji kazi, na mhakiki aliyetosheka na neno "fumbo" haifanyi kazi hiyo. Kent mwenyewe, ambaye katika mahojiano amesema alitaka kuzungumzia haja ya kulikabili giza lililo ndani yetu, hakuiongoza filamu yake kama mtu anayeficha somo nyuma ya kinyago. Aliliongoza zimwi kama zimwi, lenye koti, kofia na kucha, kwa mbinu za mikono za zama za filamu bubu. Katika televisheni ya Amelia tunaona hata vipande vya kazi za Georges Méliès, mwongozaji wa zama hizo. Mtu anayetaka tusome huzuni tu asingehangaika na kucha.

Watazamaji waliolalamikia somo ubaoni wana haki zaidi, basi, dhidi ya wahakiki kuliko dhidi ya filamu. Wengi wao waliitazama baada ya kusoma ufumbuzi. Mtu akikutegulia kitendawili kabla hujategewa, usimlaumu aliyekitunga.

Kuhusu hofu, sina budi kusema jambo la kiufundi ambalo halina falsafa yoyote. Nyumba ya Amelia imepakwa kijivu, buluu iliyofifia na weusi, na mpigapicha Radek Ładczuk ameiacha pembe nyingi gizani kwa makusudi. Katika kioo kizuri giza hilo lina tabaka, na jicho linaanza kuona koti pale lilipo ukuta. Katika televisheni ya kibandani, yenye nakala iliyobanwa mpaka ikatoka vumbi, giza lilikuwa giza tu. Kijana aliyekaa mbele yangu aliuliza mara tatu, "Yuko wapi sasa?" Naamini sehemu ya ile kauli ya "haitishi", iliyosemwa na watu wengi duniani waliotazama kwenye simu na kompyuta za mapajani, inatoka hapo, na ni aibu ndogo kwa sisi tunaopenda kutafuta sababu za kitamaduni wakati sababu ni mwanga.

Lakini ipo sababu nyingine, na hii ni ya Dodoma hasa. Filamu ya kusisimua ya kisaikolojia inamtaka mtazamaji aogope akili yake mwenyewe. Mji wetu una Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, iliyopo tangu enzi za Mwingereza, na jina lake limezunguka Tanzania nzima mpaka limekuwa tusi la shuleni, la gengeni na hata la bungeni kwa utani. Amelia alipokuwa amekaa mbele ya televisheni saa nane za usiku, macho yametumbuka, uso umefifia kama karatasi, mtu mmoja nyuma alisema: "Mirembe si hapo tu? Apakizwe bodaboda." Kibanda kikapasuka kwa kicheko, nami nikacheka, maana utani ulitoka kwa wakati wake. Kwetu mwendawazimu huchekwa kwanza na kuogopwa baadaye, kama anapata bahati ya kuogopwa. Filamu ya aina hii ikija hapa inakuta kicheko kimekaa tayari kwenye benchi, na lazima ikiondoe kabla haijaanza kazi yake.

Ikakiondoa. Ilikuwa pale mtoto anaposema ana njaa, mama anamjibu kwa neno chafu, kisha baadaye anamwambia kwamba hajui ni mara ngapi ametamani angekufa yeye, si baba yake. DJ, ambaye mpaka hapo alikuwa hajanyamaza hata kidogo na ambaye katika lile tukio la kitandani, zimwi likiwa darini, alikuwa amemfokea mama "shuka halikusaidii, shuka halikusaidii" mpaka watu wakapiga makofi, safari hii alishusha sauti. Alitafsiri sentensi ile jinsi ilivyo, polepole, bila chumvi. Kisha akanyamaza kwa muda ambao katika kazi yake ni mrefu sana. Hakuna aliyesema Mirembe. Nilisikia pikipiki ikipita nje na mwanamke anayekaanga mihogo mlangoni akipanga sahani.

Wahakiki walikuwa sahihi kabisa juu ya kipande hicho, na juu ya Essie Davis, ambaye ndani ya uso mmoja anatupitisha kutoka kwa mama tunayemhurumia hadi kwa mtu ambaye tusingemwachia mtoto, bila kutuonyesha mahali alipovuka. Ni jambo ambalo sanaa zetu hulikwepa. Tuna nyimbo zisizohesabika za nani kama mama. Mama anayemchukia mwanawe kwa saa moja ya usiku, na akabaki kuwa mama, hana wimbo. Kuhusu mtoto mwenyewe, wanaomlaumu kwa kelele wanasahau kwamba kelele zake zinapungua kadiri mama anavyozidi kuwa wa kutisha, mpaka katikati ya filamu wamebadilishana nafasi na yeye ndiye mtu mzima wa nyumba. Ni muundo uliopangwa, na Wiseman, aliyekuwa na umri wa miaka sita hivi, anaubeba. Kent alimkinga: maneno makali ya mama yalipopigwa picha upande wa Davis, mtoto hakuwapo, na mtu mzima alipiga magoti mahali pake ili macho ya mwigizaji yapate pa kuangukia.

Si kwamba filamu haina mapengo. Theluthi ya mwisho, nyumba inapotikisika na mama kuruka na kukoroma, inaazima kutoka ghala la filamu za mapepo vitu ambavyo haikuvihitaji, na wahakiki waliofumbia macho jambo hilo walikuwa wakarimu kupita kiasi. Dada yake Amelia ameandikwa kwa wino mwepesi. Na daktari anayeandika dawa za usingizi za mtoto baada ya kuombwa mara mbili anapita haraka mno, ingawa hapo palikuwa na filamu nyingine nzima.

Mara ya tatu niliitazama na shangazi yangu, aliyekuja kutoka Kondoa kwa matibabu ya macho na kukaa kwangu wiki mbili. Ni mjane wa miaka mingi. Nilimwekea nakala isiyo na DJ na nikawa namfasiria mimi, kwa ufupi na bila hukumu. Alitazama kama anavyotazama taarifa ya habari, mikono imekunjwa, na swali lake la kwanza lilikuja mapema.

"Ndugu zake wako wapi, baba?"

Nikamwambia ana dada mmoja, lakini dada haji kwa sababu haivumilii nyumba ile.

"Na msiba waliukalia wapi?"

Sikuwa na jibu, kwa kuwa filamu haina msiba. Ina kifo, kisha miaka karibu saba, na katikati hakuna jamvi, hakuna sufuria kubwa, hakuna wanawake waliolala chini sebuleni. Vitu vya Oskar vimefungiwa chumba cha chini na jina lake halitajwi. Shangazi alikaa eda yake ya miezi minne na siku kumi akiwa hapungukiwi na watu, na nilidhani anaelekea kule tunakopenda kuelekea sote, kwenye kujipongeza kwamba sisi tuna jamaa na wenzetu wana upweke. Uchambuzi mwingi unaoandikwa kwa Kiswahili kuhusu filamu za nje huishia hapo, na ni mwisho mtamu. Yeye hakuishia hapo. Alisema kwamba arobaini ilipopita watu walikunja majamvi, na tangu siku hiyo hakuna aliyemtajia mumewe kwa jina, kwa kumhurumia. "Walidhani wananisaidia," alisema, kisha akaniomba nirudishe nyuma pale kitabu kinaposema kwamba kadiri unavyokana ndivyo yule anavyopata nguvu. Nikarudisha. Akasikiliza kwa makini kana kwamba alikuwa anafahamu Kiingereza.

Zimwi lilipogonga alikereka kwa sababu ambayo sijaiona kwa mhakiki yeyote: anabisha bila hodi. Mgeni wa heri husema hodi na kungoja karibu. Huyu anagonga na kutaja jina lake mwenyewe, halafu anadai kufunguliwa. Kwa shangazi hilo lilitosha kumjua ni nani, na hakuwa na shida hata kidogo kwamba mgeni huyohuyo anaweza kuwa pia majonzi ya mwanamke. Nilipomuuliza kama anadhani ni jini au ni mawazo ya mama, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua ni maji au ni ya Mungu.

Mwisho wa filamu ndio uliowagawa hata wahakiki wenyewe. Amelia anasimama mbele ya kiumbe, anamfokea kwamba hapo ni nyumbani kwake na asimguse mwanawe, na kiumbe anaanguka, kisha anakimbilia chumba cha chini. Siku inayofuata tunayoonyeshwa, jua limewaka, bustani imechanua, na kwa mara ya kwanza mtoto anaadhimishiwa siku yake kwa tarehe yake. Mama na mwana wanaokota minyoo bustanini na kuiweka bakulini. Mama anashuka nayo chini. Kitu kinamrukia gizani, anakituliza kwa sauti ya kubembeleza, bakuli linavutwa, naye anapanda juu akitetemeka kidogo na kusema leo kilikuwa kimya. Wengi waliusifu mwisho huo kwa kuwa haudanganyi: majonzi hayauawi, huwekewa mahali pake na kupewa haki yake. Wengine waliona ni mzaha uliokuja baada ya saa moja na nusu ya hofu, au ni somo limeandikwa kwa herufi kubwa. Kibandani Chang'ombe ulipokewa kwa makelele, kwa kuwa Kiswahili kina kitenzi chake tayari. "Amemfuga!" alisema DJ, na watu wakarudia, amemfuga, kwa sauti ile wanayoitumia kumzungumzia tajiri fulani wa mtaani mwenye chumba ambacho hakifunguliwi.

Kwa muda nilikuwa upande wa waliousifu, na bado sioni mwisho mwingine ambao filamu hii ingeweza kuwa nao bila kujisaliti. Lakini kabla mama hajashuka na bakuli, Samuel anamuuliza kama iko siku na yeye ataweza kumwona. Mama anajibu kwa upole kwamba siku moja, akishakua. Katika usomaji wa fumbo hayo ni maneno mazuri kuliko yote katika filamu: mama ameacha kuficha kifo cha baba, na mtoto ameahidiwa ukweli kwa wakati wake. Nilimfasiria shangazi sentensi hiyo hivyohivyo, kwa sauti ya upole. Alikuwa ameanza kutabasamu kwa ajili ya keki. Akaacha.

"Kwa hiyo atamrithisha," alisema, akanyoosha mkono kutafuta miwani yake.